Jeni zako na dawa za moyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara mkoani Tanga

Majibu haya ni ya wagonjwa wa moyo na presha wa Tanga mjini, Pangani, Muheza, Korogwe, Lushoto na kwingineko mkoani, pamoja na ndugu wanaowashikia dawa na kadi za kliniki. Ukikuta hapa jambo linalofanana na lako, lipeleke kwa daktari au mfamasia wako. Usipunguze wala usiongeze kidonge kwa sababu ya ulichosoma.

Kwa nini dawa ile ile imfae jirani yangu na mimi inishinde?

Kidonge kikishamezwa, ini hukifanyia kazi kwa kutumia vimeng'enya. Dawa nyingi huvunjwa zikatolewa, chache huamshwa ndipo zianze kazi. Kila kimeng'enya hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni, na kila jeni unayo nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Nakala ikiwa na hitilafu ndogo, kimeng'enya huwa kizito, au hakifanyi kazi kabisa, au mara nyingine huwa na kasi kupita kiasi. Mwenye ini la pole hubaki na dawa nyingi mwilini kuliko mwenzake aliyemeza kipimo kile kile.

Lakini jeni ni sababu moja tu. Kuna umri, uzito, figo, dawa nyingine unazotumia, na kuna vidonge vilivyosahaulika. Kabla ya kuzilaumu jeni, hesabu vilivyobaki kwenye pakiti.

Je, kila mgonjwa wa moyo anahitaji kipimo cha jeni?

Hapana. Sisi tunajiuliza swali moja: je, kazi ya dawa hii inaweza kupimwa mwilini moja kwa moja? Dawa ya presha inapimwa kwa mashine ya presha. Dawa ya kupunguza mapigo inapimwa kwa vidole viwili na saa. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inapimwa kwa INR, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kiasi gani kuganda. Hapo jeni zimekwisha kusema zote kupitia kipimo chenyewe, na karatasi ya maabara ya mbali haiongezi mengi. Klopidogreli, dawa ya kuzuia chembe za damu zisishikane, ndiyo inayokataa kanuni hii, na tutaieleza kwa urefu.

Natumia warfarini miligramu 10, mwenzangu wa kitanda cha jirani alikuwa anatumia 3. Nani kati yetu anakosewa?

Huenda hakuna. Warfarini ni dawa yenye tofauti kubwa mno: mmoja hutosheka na miligramu 2 kwa siku, mwingine hata 10 hazimtoshi, na wote wawili INR zao zikasoma 2.5. Dozi sahihi ni ile inayokuweka kwenye lengo lako, basi. Kwa wengi lengo ni INR ya 2 hadi 3. Aliyewekewa valvu ya bandia ya chuma kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, kama ilivyo kwa vijana wengi waliougua moyo baada ya homa ya rumatiki, kwa kawaida huwekewa 2.5 hadi 3.5. Lijue lengo lako na liandikwe kwenye kadi.

Jeni mbili ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Ya kwanza ni VKORC1, inayotengeneza kimeng'enya kile ambacho warfarini huenda kukizima. Lipo toleo la jeni hii linalofanya kimeng'enya hicho kizimike kwa dozi ndogo. Kwa Wachina, karibu nakala 9 katika 10 ni za toleo hilo. Kwa Wazungu ni kama 4 katika 10. Kwa Waafrika ni kama 1 katika 10. Ndiyo maana wagonjwa weusi, kwa wastani, huhitaji vidonge vingi zaidi. Ya pili ni CYP2C9, inayovunja warfarini kwenye ini. Mwenye nakala nzito za CYP2C9 huhitaji dozi ndogo, na tena dozi hiyo huchelewa kutulia: mtu wa kawaida hutulia baada ya wiki moja hivi, yeye anaweza kuchukua wiki mbili au tatu. Hapa ndipo makosa hutokea. INR ya siku ya nne inaonekana iko chini, dozi inaongezwa, kisha wiki ya pili mgonjwa anakojoa damu kwa sababu dozi ya kwanza ilikuwa bado inapanda.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza usiruke tarehe ya INR hata kama unajisikia mzima kama kigongo. Daktari akishaipata dozi, marekebisho ya baadaye huwa madogo, asilimia 5 hadi 20 ya jumla ya wiki nzima. Ndiyo sababu unaweza kuambiwa umeze kidonge kimoja siku tano na kimoja na nusu siku mbili.

INR yangu ilisoma 2.4 Tanga, wiki ile ile Dar es Salaam ikasoma 3.9. Je, jeni zimebadilika?

Jeni hazibadiliki. Kwanza tazama bomba la damu. Damu ya INR huwekwa kwenye bomba lenye kifuniko cha bluu ambalo tayari lina maji ya sitreti, na uwiano ni sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya sitreti. Bomba lina alama. Damu isipofika kwenye alama, sitreti huzidi, damu huchelewa kuganda, na INR husoma juu kuliko ilivyo. Una haki ya kulitazama bomba na kusema kwa adabu, "Dada, naona haijafika kwenye mstari." Bomba ligeuzwe taratibu mara chache mara baada ya kujazwa, lisitikiswe kama chupa ya dawa ya maji, na lisikae juani kwenye kikapu cha pikipiki.

Kisha kumbuka ulichotumia siku kumi zilizopita. Flagyl, Septrin na flukonazoli huzuia kimeng'enya cha CYP2C9, na INR hupanda ndani ya siku chache. Kwa maneno mengine, vidonge vya kuhara vilivyonunuliwa duka la dawa la mtaani vinaweza kumgeuza mwenye ini la kasi akawa na ini la pole kwa wiki nzima. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huliamsha ini, warfarini ikahitaji kuongezwa mara mbili au zaidi. Hatari kubwa iko mwisho wa tiba ya TB, rifampisini inapoachwa na dozi kubwa ya warfarini ikabaki pale pale. Kama unatumia zote mbili, tarehe ya kumaliza dawa za TB iandikwe kwenye kadi ya moyo, na INR ipimwe kila wiki kwa mwezi mmoja au zaidi baada ya hapo.

Niache mchicha, kisamvu na matembele?

Usiache. Majani hayo yana vitamini K, na vitamini K huipinga warfarini, ni kweli. Lakini dozi yako ilipangwa wewe ukiwa unakula chakula chako cha siku zote. Anayekula kisamvu cha nazi mara tatu kwa wiki aendelee mara tatu. Tatizo ni kuruka ruka: mwezi mzima bila majani, kisha wiki ya arusi kila mlo una majani. Machungwa ya Muheza kula bila hofu. Balungi ni habari nyingine, tutalifikia.

Mlonge wa unga, vidonge vya kitunguu saumu na dawa za miti shamba zisizojulikana mchanganyiko wake, viweke mbali na warfarini.

Nikipima jeni za warfarini, safari za INR zitapungua?

Hazitapungua, na kwa Mwafrika kipimo chenyewe kinaweza hata kupotosha. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uitwao COAG, wa wagonjwa 1,015. Nusu walipangiwa dozi ya kuanzia kwa jeni na nusu kwa umri, uzito na mambo ya kawaida ya kliniki. Kwa jumla hapakuwa na tofauti. Lakini wagonjwa weusi waliopangiwa kwa jeni walikaa ndani ya lengo asilimia 35.2 tu ya muda, na wenzao waliopangiwa kwa njia ya kawaida asilimia 43.5. Kanuni iliyotumika ilitegemea matoleo *2 na *3 ya CYP2C9 (nyota na namba ni jina la toleo la jeni), ambayo ni adimu kwetu, ikayaacha *5, *6, *8 na *11 ambayo ndiyo yanayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Fedha ya kipimo hicho itakufaa zaidi kwa nauli ya kwenda kupima INR.

Baba amewekewa stenti, kijibomba cha chuma cha kuuweka wazi mshipa wa moyo, na anatumia klopidogreli. Hapa jeni zina uzito gani?

Uzito mkubwa. Klopidogreli huingia mwilini ikiwa imelala. Karibu asilimia 85 yake huvunjwa na kupotea bure kabla ya kufanya lolote. Kiasi kinachobaki lazima kiamshwe na ini kwa hatua mbili, na kimeng'enya kikuu cha kazi hiyo ni CYP2C19. Mwenye nakala mbili zisizofanya kazi, yaani *2/*2, *2/*3 au *3/*3, humeza kidonge chake cha miligramu 75 kila siku kwa uaminifu wote, na chembe sahani za damu yake, zile zinazoanzisha donge, zinaendelea kushikana karibu kama hajameza. Stenti ni chuma kipya ndani ya mshipa. Donge la damu likiganda juu yake ni shambulio la moyo.

Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliweka onyo la kisanduku juu ya jambo hili Machi 2010. Maelezo ya dawa yenyewe yanataja kwamba wenye nakala mbili mbovu ni kama asilimia 2 ya Wazungu, 4 ya watu weusi na 14 ya Wachina. Wenye nakala moja mbovu ni wengi zaidi: ukiwakusanya wote, takribani robo hadi theluthi ya Waafrika wanabeba angalau moja.

Na hapa hakuna INR. Vipimo vya chembe sahani vipo katika hospitali chache kubwa na si vya kila siku. Mgonjwa wa warfarini mwenye jeni ngumu hugunduliwa ndani ya wiki. Mgonjwa wa klopidogreli mwenye jeni ngumu anaweza kugunduliwa siku stenti inapoziba. Kama fedha ya kipimo kimoja tu cha jeni ipo katika familia, tungeiweka hapa.

Wakati wake ni mapema. Madonge mengi ya stenti hutokea ndani ya mwezi wa kwanza, kwa hiyo muulizeni daktari wa stenti kabla ya kutoka wodini, iwe ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete au kwingine: "Je, kuna sababu ya kumpima CYP2C19, au kumpa dawa isiyopitia njia hiyo?" Aliyekwisha kumaliza mwaka salama hana haja kubwa ya kipimo hicho sasa.

Majibu yakionyesha nakala mbili mbovu, tumeze vidonge viwili vya klopidogreli?

Msifanye hivyo. Kwa mwenye nakala mbili mbovu, hata dozi kubwa mara kadhaa haimfikishi alipo mtu wa kawaida. Daktari hubadilisha dawa. Tikagrelori, miligramu 90 mara mbili kwa siku, haihitaji kuamshwa na CYP2C19. Prasugreli, miligramu 10 mara moja, huamshwa pia lakini haitegemei sana kimeng'enya hicho. Kila moja ina masharti yake: prasugreli haipewi aliyewahi kupata kiharusi, tikagrelori haipewi aliyewahi kuvuja damu kichwani, na aspirini inayokwenda nayo isizidi miligramu 100 kwa siku. Tikagrelori pia huwapa wengine kuhema kama wamepanda ngazi ilhali wamekaa kitini. Mweleze daktari, lakini usiiache ghafla.

Kwa wanaofunga Ramadhani: tikagrelori inataka masaa 12 kati ya dozi, na kati ya futari na daku hapa kwetu kuna kama masaa 10, mchana ukibaki na 14. Lizungumzwe kliniki mwezi wa Shabani. Kufidia kwa kumeza mbili wakati wa futari ni hatari.

Vidonge vya vidonda vya tumbo vina neno?

Vinalo. Omeprazoli na esomeprazoli huzuia kimeng'enya kile kile cha CYP2C19, hivyo mtu mwenye jeni nzuri anafanywa kama mwenye jeni mbovu. Anayetumia klopidogreli na anahitaji dawa ya tumbo, mara nyingi hupewa pantoprazoli. Omeprazoli inauzwa kama peremende, kwa hiyo taja klopidogreli kila unaposimama dirishani pa duka la dawa.

Ripoti imeandika *1/*1. Inamaanisha mimi ni wa kawaida?

Inamaanisha maabara haikukuta kile ilichokitafuta. Alama hiyo ya nyota ni jina la toleo, na *1 huandikwa pale ambapo hakuna toleo lolote kati ya yale yaliyopimwa lililoonekana. Maabara iliyopima CYP2C9 *2 na *3 pekee itamwandikia *1/*1 mtu wa Mkinga mwenye *8/*8. Swali la kuuliza ni hili: "Mlipima matoleo yapi?" Ripoti nzuri huyataja. Kwa CYP2C19 kipimo chenye *2, *3 na *17 kinafaa kwa kazi ya klopidogreli. *17 ni lile la kasi. Kwa CYP2D6, jeni inayohusika na dawa kama metoprololi, tafuta *17 na *29, matoleo mazito yanayopatikana zaidi Afrika. Usichanganye *17 ya jeni moja na *17 ya nyingine. Ni majina tu yaliyogongana.

Daktari hawezi kukisia kwa kutazama kabila langu?

Takwimu tulizotaja ni za makundi makubwa, na Tanga ni mji wa bandari. Mdigo, Msambaa, Mbondei, Mzigua, Msegeju, Mwarabu na Mhindi wameoana hapa kwa vizazi. Mtu mweusi tii anaweza kuwa na bibi wa Kiarabu na toleo la VKORC1 alilomwachia. Hata ndani ya nyumba moja ndugu hutofautiana. Wazazi wakiwa kila mmoja ana nakala moja mbovu ya CYP2C19, kila mtoto ana nafasi 1 katika 4 ya kupata mbili. Wazazi wakiwa mabinamu, uwezekano wa kurithi nakala zinazofanana huongezeka. Si ugonjwa na si aibu; ni habari ya kumpa daktari siku ndugu yako naye akiwekewa stenti.

Simvastatini inaniuma misuli. Ni jeni?

Inaweza kuwa. Jeni ya SLCO1B1 hutengeneza mlango unaoingiza dawa hii ya kolesteroli kwenye ini. Mlango ukiwa mzito, dawa hubaki kwenye damu na kufika kwenye misuli. Utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha jambo hilo wazi kwa waliotumia miligramu 80, dozi ambayo FDA iliibana mwaka 2011. Ila toleo hilo bovu ni la nadra kwa Waafrika, kwa hiyo tafuta kwanza sababu za karibu. Unatumia amlodipini? Basi simvastatini isizidi miligramu 20 kwa siku. Unakunywa juisi ya balungi? Huzuia kimeng'enya kinachoivunja simvastatini, na dawa ikapanda. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, acha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Na metoprololi?

Dawa hii ya kupunguza mapigo huvunjwa na CYP2D6, na mwenye ini la pole hupata kiwango kikubwa mara kadhaa kwenye damu. Lakini mapigo yatakwambia. Kaa dakika tano, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu sekunde 30, zidisha mara mbili. Mapigo yakiwa chini ya 50, au kizunguzungu kila ukisimama, rudi kliniki. Daktari hupunguza dozi au huhamia bisoprololi au atenololi, ambazo hazitegemei kimeng'enya hicho.

Niliambiwa enalaprili haifai kwa watu weusi. Ni kweli?

Imetiwa chumvi. Ikitumiwa peke yake kwa presha, kwa wastani huwashusha kidogo kuliko amlodipini au dawa ya kukojoza. Utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, wa wagonjwa weusi 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kuwa amlodipini ikichanganywa na dawa ya kukojoza au na perindoprili, ambayo ni ndugu wa enalaprili, hushusha presha vizuri kuliko perindoprili na dawa ya kukojoza bila amlodipini. Kwa moyo uliochoka, enalaprili ina faida yake na hupewa weusi kwa weupe.

Jambo la kuchukua kwa uzito ni uvimbe wa midomo, ulimi au koo, ambao huwapata watu weusi mara kadhaa zaidi. Unaweza kuja baada ya dozi ya kwanza au baada ya miaka. Mdomo ukianza kuvimba, usimeze dozi inayofuata, usisubiri kukuche, nenda hospitali. Na ukishapona, usitumie tena dawa yoyote ya ukoo huo, yaani kaptoprili, lisinoprili na nyinginezo zenye mwisho wa "prili".

Hidralazini imeniletea maumivu ya viungo kama baridi yabisi.

Mwambie daktari mapema. Hidralazini, dawa ya presha, huvunjwa na kimeng'enya cha NAT2, kile kile kinachovunja isoniazidi ya TB. Wenye NAT2 ya pole, wakitumia dozi kubwa kwa miezi, wanaweza kupata homa, vipele na viungo kuuma. Hatari huongezeka kadiri dozi inavyokaribia au kupita miligramu 200 kwa siku, na dalili hupungua dawa ikiachwa. Sindano ya hidralazini anayopewa mjamzito mwenye presha kali wodini ni ya muda mfupi na haina shida hii.

Nina upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Aspirini ndogo ya moyo nitumie?

Miligramu 75 hadi 100 kwa kawaida huvumilika. Mjulishe daktari, na mkojo ukiwa mweusi au macho yakiwa ya njano, rudi upesi.

Sampuli ya jeni inachukuliwaje, na ripoti niifanyeje?

Ni damu mililita 2 hadi 4 kwenye bomba lenye kifuniko cha zambarau, au kijiti kinachosuguliwa ndani ya shavu. Kwa kijiti, usile wala kunywa chochote isipokuwa maji kwa nusu saa kabla, na usiwe umetafuna tambuu. Kufunga kula usiku kucha hakuhitajiki. Kama umeongezewa damu wiki za karibuni, sema, ili wachague kijiti cha shavu. Kabla ya kutoa fedha uliza mambo matatu: sampuli inakwenda maabara ipi, majibu yanarudi baada ya siku ngapi, na bima yako inagharamia au la. Jibu likichukua mwezi, kwa stenti ya jana limechelewa, na ni afadhali daktari aamue dawa bila kulisubiri.

Kipimo hufanyika mara moja maishani. Piga picha ripoti, itume kwa mtoto au ndugu unayemwamini, na nakala ya karatasi ibaki ndani ya kadi ya kliniki, si kwenye kabati la hati za kiwanja ambako hakuna atakayeikumbuka saa nane za usiku.